Fimbo Hii Ilikatwa kwa Kipimo cha Nani?



Labda unasoma ukurasa huu ukiwa umepumzika kando ya shimo la dhahabu, mikono bado ina udongo. Labda uko nyumbani Likasi au Kolwezi, na watoto wanakusumbua wakitaka kuona picha. Popote ulipo, najua utauliza: "Gofu? Huo mchezo wa matajiri unatuhusu nini sisi?" Swali ni la haki. Hapa Banalia hatuna kiwanja cha gofu. Tuna mto Aruwimi na kivuko chake, tuna barabara inayotoka Kisangani kwenda Buta, tuna msitu, na ndani ya msitu tuna vijana wengi wanaotafuta dhahabu na almasi. Hakuna anayetafuta kipira cheupe kwenye majani.

Lakini mimi, kabla ya kuoa na kuhamia huku kwa wakwe zangu, nilikuwa kedi Lubumbashi. Kedi ni yule anayebeba mfuko wa fimbo za mchezaji, anatembea naye kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho, anamtafutia mpira ukipotea, na akiulizwa anatoa shauri. Ninyi wa Lubumbashi mnajua kwamba mchezo huo ulipata hata kutia jina lake kwenye mitaa ya watu. Ukisema unakaa Golf, kila mtu anaelewa. Nilibeba mifuko hiyo miaka minane, katika miaka ya 1980. Leo mimi ni fundi wa mipini. Nachonga mipini ya sururu, ya beleshi na ya jembe, pia makafi ya mitumbwi. Watu huona kazi hizo mbili ziko mbali mbali, ile ya ujana na hii ya uzee. Mimi naona ni kazi moja. Ngoja nikueleze, halafu utaamua mwenyewe.

FIMBO NDOGO, KAZI KUBWA

Mchezaji wa gofu anaruhusiwa kubeba fimbo 14. Nyingine ni za kupiga mbali, mpira uruke mita 200 na zaidi. Nyingine ni za kuutoa mpira kwenye mchanga au kwenye majani marefu. Halafu iko moja ya kazi ya mwisho, nayo ni kuuviringisha mpira juu ya majani yaliyokatwa mafupi sana kama zulia, mpaka utumbukie shimoni. Mahali hapo panaitwa grini, na fimbo hiyo inaitwa puteri.

Asiyeujua mchezo hudhani fimbo kubwa ndiyo yenye maana, kwa sababu inapiga kishindo na watu wanashangilia. Hesabu inasema vingine. Kiwanja cha kawaida kina mashimo 18, na mara nyingi mchezaji hodari anatazamiwa kuyamaliza kwa mapigo 72. Ndani ya hesabu hiyo, kila shimo limetengewa mapigo mawili ya puteri. Mbili mara 18 ni 36. Ni nusu ya mchezo mzima, na inachezwa na kijifimbo ambacho mtoto anaweza kukibeba.

Sasa tazama jambo lingine. Shimo lina upana wa milimita 108. Weka mpira mita tatu kutoka shimoni. Mpira ukiondoka umepotoka digrii moja tu, moja kati ya zile 360 za duara, ukifika shimoni utakuwa umekwenda pembeni sentimita tano na kidogo. Kutoka katikati ya shimo hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Basi digrii moja inakuacha ukingoni kabisa, na digrii mbili zimekukosesha. Nani anaweza kuiona digrii moja kwa macho? Hakuna. Na mpira unafuata zaidi mahali uso wa fimbo ulipoelekea wakati wa kugusa kuliko njia iliyopitiwa na fimbo yenyewe.

Ndiyo maana fimbo isiyokutosha ni adui mbaya. Haikuangushi waziwazi. Inakupotosha kidogo tu, kila siku, upande ule ule, na wewe unabaki unaulaumu mkono wako.

PAPA INJINIA

Tulikuwa na mchezaji mmoja tuliyekuwa tukimwita Papa Injinia. Jina lake nitaliacha. Alikuwa mtu mfupi, mnene kidogo, mwenye adabu hata kwa sisi makedi. Fimbo zake alizirithi kwa mzungu mmoja aliyemaliza mkataba akarudi kwao, na mzungu yule alikuwa mrefu kama mchikichi. Fimbo za kupiga mbali Papa Injinia alizimudu hivyo hivyo. Puteri ilimshinda. Ilikuwa na urefu wa sentimita 92 hivi, na kwa mtu wa kimo chake zilizidi.

Ukimtazama akiwa grini ungecheka, ila sisi hatukuthubutu. Kwa kuwa mpini ulimfika tumboni, viwiko vilitoka nje pande zote mbili kama kuku anayekausha mabawa. Ili apate nafasi ya mikono, alisimama mbali na mpira. Kwa kusimama mbali, kichwa cha fimbo kililalia kisigino, ncha ya mbele ikainuka juu. Na ncha ikiinuka, uso wa fimbo unatazama kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia. Mipira yake ilikwenda wapi? Kushoto. Kila Jumamosi, kushoto.

Akanunua viatu vipya. Akanunua glovu. Mwishowe akaagiza puteri nyingine kutoka Ulaya, nzuri ajabu, inang'aa, na bei yake ilikuwa zaidi ya mshahara wetu sote wa mwezi. Ilipofika, urefu wake ulikuwa karibu sawa na ile ya kwanza! Alikuwa amebadilisha kila kitu isipokuwa kile kilichomtesa.

Kati yetu alikuwepo mzee mmoja, kedi wa tangu zamani, ambaye hakusoma sana lakini macho yake yalikuwa makali. Siku moja alivua kofia, akasema polepole: "Papa, samahani sana. Fimbo haina makosa, na weye hauna makosa. Lakini iko murefu juu yako. Ilikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine."

Msomaji, wewe uliyewahi kufanya kazi chini ya wakubwa unajua maneno kama hayo yanaweza kukufukuzisha. Sisi vijana tulitazama chini. Papa Injinia alinyamaza, akamaliza mchezo, akaondoka. Jumamosi iliyofuata alirudi na puteri ile ya zamani, ameikata karakana kwa msumeno wa chuma. Sentimita 8 zimeondoka, mshiko umevikwa upya juu yake.

Ungedhani mambo yalinyooka siku hiyo hiyo. Hapana, alicheza vibaya kuliko mwanzo. Mipira ilikuwa haifiki, au inapita shimo kwa mbali, kama mtu asiyejua nguvu zake. Mzee akaichukua fimbo, akaipima mkononi, akacheka. Ukikata mti wa fimbo, mkono unakisikia kichwa kimekuwa chepesi, hata kama kichwa chenyewe hakikupungua gramu moja. Jaribu na nyundo yako: ishike mwisho wa mpini, halafu ishike katikati, utaniambia. Basi wakabandika ukanda mwembamba wa risasi chini ya kichwa, wakapunguza, wakaongeza, mpaka Papa Injinia akasema, "Sasa naisikia." Halafu wakaibana shingo ya fimbo kwenye jiliwa, wakaikunja kidogo sana, ili kichwa kikae chote chini, kisigino na ncha pamoja. Tahadhari: si kila shingo inakubali kukunjwa. Nyingine zinakatika.

Sisemi alikuwa bingwa baada ya hapo. Ila pale alipokuwa akimaliza kwa mapigo matatu, alianza kumaliza kwa mawili, na mara moja moja kwa moja. Mzee yule alipelekewa mfuko mzima wa unga nyumbani kwake.

JINSI MTU ANAVYOPIMWA

Madukani puteri nyingi huuzwa zikiwa na sentimita 86 hadi 89. Kipimo hicho si kibaya, ila ni cha mtu ambaye hayupo. Ni kama suruali ya dukani. Namna ya kupima tuliyojifunza kwa mzee haikuhitaji mashine. Mwambie mtu asimame, ainame kutoka kiunoni kama anavyopenda, bila fimbo, mikono ining'inie yenyewe kutoka mabegani, kisha akutanishe viganja. Pale mikono ilipokutana ndipo mshiko unapotakiwa kuwa. Pima toka hapo hadi ardhini, kwa mteremko ambao fimbo italala, halafu ongeza kidogo kwa sehemu ya mshiko inayobaki juu ya mkono.

Hapo utashangaa. Watu wawili wa kimo kimoja hawapati fimbo moja. Mmoja ana mikono mirefu, mwingine mifupi. Mmoja anainama sana, mwingine anasimama wima kwa sababu mgongo wake hautaki. Kwa hiyo kimo peke yake hakitoshi kukuambia neno.

Baada ya hapo, macho. Chukua uzi, funga kijiwe, mfano wa timazi ya mwashi. Mchezaji akiwa ameinama tayari kupiga, shikilia uzi katikati ya macho yake, acha kijiwe kining'inie. Kikiangukia juu ya mpira, au ndani kidogo upande wa miguu yake, vizuri. Kikiangukia nje, mbele ya mpira, mtu huyo anauona mstari wa kwenda shimoni umepinda, na ataelekeza fimbo mahali pasipo sahihi huku akiapa kwamba ameinyoosha. Fimbo fupi mno humsukuma mtu ainame mpaka macho yapite mpira, na mgongo nao unalia. Fimbo ndefu mno humrudisha nyuma kama Papa Injinia.

Kuna pia mwinamo wa uso. Uso wa puteri haukusimama wima kabisa. Umelala nyuma digrii 3 au 4. Kwa nini, wakati mpira hautakiwi kuruka? Kwa sababu mpira una uzito, karibu gramu 46, nao huzama kidogo kwenye majani. Lazima uinuliwe kidogo sana kutoka kwenye kishimo chake, uteleze, halafu uanze kuviringika. Lakini mchezaji anayetanguliza mikono mbele wakati wa kupiga anausimamisha uso ule. Digrii zake zinaisha, mpira unakandamizwa na kurukaruka. Huyo anahitaji fimbo yenye mwinamo zaidi. Na kiwanja nacho kina neno lake. Zamani viwanja vingi vya bara, Kenya na Uganda, havikuwa na grini za majani. Vilikuwa na mchanga uliochanganywa na mafuta, watu wakiziita brauni kwa rangi yake, na kabla ya kupiga mchezaji huusawazisha mchanga kwa kuburuta ubao au mkeka. Aliyezoea brauni akipelekwa kwenye majani laini huona fimbo yake imegeuka mgeni.

Unene wa mshiko nitautaja kwa haraka. Mwembamba unawapa vifundo vya mkono uhuru. Mnene unavituliza, na wazee ambao mkono umeanza kutetemeka huupenda. Hapa hakuna sheria, ni kujaribu.

FUNDI VIATU

Jambo lililonivutia kuliko yote ni kichwa cha fimbo, na hapo nitakuhadithia habari ya Karsten Solheim. Alizaliwa Norway mwaka 1911, akachukuliwa Marekani akiwa mtoto. Kabla ya kuwa injinia wa kampuni ya General Electric, alikuwa fundi viatu. Fundi viatu! Mtu ambaye kila siku anashika mguu wa mtu mwingine na kuona kwamba haufanani na wa jana. Gofu aliianza akiwa na miaka 42, mpira ukamsumbua grini kama unavyomsumbua kila mtu, akaenda kuitafuta sababu kwenye chuma.

Aliona hivi. Puteri za wakati ule zilikuwa ubao mwembamba wa chuma, uzito umekaa katikati. Ukigonga mpira katikati kabisa, safi. Ukigonga kidogo pembeni, kichwa kinajigeuza mkononi, uso unapotoka, na mpira unapoteza mwendo. Yeye akautoa uzito katikati, akaupeleka kwenye ncha mbili, kisigino na mbele. Ukitaka kuelewa faida yake, mtazame mtu aliyebeba mti begani na ndoo ya maji kila upande. Mwambie ageuke ghafla. Hawezi, zile ndoo zinamkataza. Mpe sasa ndoo zote mbili azishike karibu na kifua, atageuka upesi. Uzito ukikaa mbali na katikati, kitu kinakuwa kigumu kuzungushwa. Hivyo hivyo kichwa cha Solheim hakikuzunguka kirahisi hata mchezaji alipokosa katikati.

Puteri yake ya kwanza aliitengeneza mwaka 1959 kwenye gereji ya nyumbani. Ilikuwa ikitoa mlio inapogonga mpira, na mlio huo ndio uliopa kampuni yake jina, Ping. Mwaka 1966 akatoa ile iliyoitwa Anser, na mpaka leo, miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 2000, puteri nyingi za makampuni mengine zina sura ya ile. Nyingine siku hizi zina vichwa vikubwa kama chuma cha pasi, uzito umesukumwa nyuma na pembeni zaidi, kwa sababu ile ile ya ndoo mbili. Mmarekani Scottie Scheffler, aliyekuwa wa kwanza duniani lakini akiteseka grini, mwanzoni mwa mwaka 2024 alianza kutumia kichwa kikubwa cha namna hiyo, na Machi ileile akashinda mashindano mawili mfululizo.

Tena, iko tofauti ambayo unaweza kuipima kwa kidole kimoja. Laza mti wa puteri juu ya kidole mpaka utulie. Nyingine ncha yake itaning'inia chini. Nyingine uso utatazama juu mbinguni, umesawazika. Mafundi husema ile inayoning'inia inamfaa anayepiga kwa upinde, kama mlango unaofunguka na kufunga, na ile iliyosawazika inamfaa anayerudisha na kupeleka fimbo kwa mstari ulionyooka. Kwa macho yangu ni kweli mara nyingi, si mara zote. Nilimwona mtu akicheza vizuri na fimbo ambayo kwa kanuni hiyo haikuwa yake, na hakuna aliyemwambia abadilishe. Mimi pia nisingemwambia.

Wakubwa wa mchezo nao hawakukubali kila umbo. Mwaka 1904 Walter Travis wa Marekani alikwenda Uingereza akatwaa ubingwa wa wachezaji wasiolipwa, akitumia puteri ambayo mti wake ulikuwa umeingia karibu na katikati ya kichwa badala ya kisigino. Mwaka 1910 fimbo ya namna hiyo ikapigwa marufuku kule, na marufuku ilidumu mpaka mwanzo wa miaka ya 1950. Wamarekani waliendelea kuitumia. Karibu na zama zetu kulikuwa na ubishi wa puteri ndefu, ile inayofika kifuani au kidevuni. Ian Woosnam, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1986, ni mtu mfupi, hazidi mita 1.65, lakini baadaye alitumia fimbo ndefu ya namna hiyo! Hapo unaona tena kwamba kimo si neno la mwisho. Tangu tarehe 1 Januari 2016, sheria zinakataza kuiegemeza fimbo kwenye mwili. Fimbo ndefu yenyewe inaruhusiwa, ila mkono uwe huru.

Lakini nisikudanganye. Kipimo hakisomi mteremko wa grini, wala hakijui kama jana kulinyesha. Nilibeba mifuko ya matajiri waliobadilisha puteri kila mwezi, na nyumbani walikuwa na nyingine zimejaa kabatini kama miavuli. Hao walikuwa wakikimbia mazoezi. Maoni yangu ni kwamba mtu apimwe mara moja vizuri, fimbo ikatwe, halafu ayasahau mambo ya fimbo.

HUKU BANALIA

Sasa njoo nami kwenye mashimo. Mtoto wa dada ya mke wangu, kijana wa miaka 23, ananiita noko kama ilivyo desturi hapa. Mwaka jana alikuja kwangu anatembea kama mzee wa miaka 70, mkono mmoja kiunoni. Nilimwambia alete beleshi lake. Lilipofika nilisimama nalo, nikamsimamisha naye nalo. Kijana ni mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima, na mpini ulimfika juu ya goti kidogo. Anachota udongo na mawe toka asubuhi hadi jioni, amejikunja kama kisu cha mfukoni. Nikamuuliza: "Mpini huu ni wa nani?" Akasema: "Noko, ni wa shimo. Patro alileta mabeleshi kumi, yote sawasawa."

Yote sawasawa, na timu ina watu kumi wasio sawa.

Nilikwenda kumwona mwenye shimo. Ni mtu wa kusikiliza, nami nilivua kofia kama mzee wangu wa Lubumbashi. Alinijibu neno la kweli, nalo nililifikiri siku nyingi. Alisema chini ya shimo hakuna nafasi. Mpini mrefu unagonga ukuta, na mtu hawezi kugeuka. Ni kweli kabisa. Mchezaji wa brauni hachezi na fimbo ya grini. Lakini si watu wote wako chini ya shimo. Kuna anayepokea udongo juu, kuna anayeuhamisha mpaka mtoni, kuna wale wanaolisha ubao wa kuoshea. Hawa wako uwanjani, anga yote ni yao, na bado wanatumia mipini ya shimoni. Hata mvuvi wa Aruwimi anajua jambo hilo: anayepiga kafi akiwa ameketi ana kafi fupi, anayesimama ana ndefu, na hakuna anayeazima la mwenzake kwa safari ya kutwa.

Tulibishana kidogo kuhusu gharama. Mti uko msituni, nilimwambia, chuma cha beleshi ni kile kile, kinachobadilika ni mpini tu. Nilimwonyesha pia kwamba beleshi likipata mpini mrefu, mkono wa chini unasogea, na mzigo unasikika tofauti. Basi wa kwanza kupewa asihukumu siku ya kwanza, maana Papa Injinia naye siku ya kwanza alilia.

Alikubali mipini mitatu ya kujaribu. Niliwapima vijana wanaofanya kazi juu, mmoja mmoja, wamesimama miguu wazi, mikono imelegea, wameinama kidogo tu kama wanavyoweza kukaa saa nzima bila kuumia. Nikatia alama kwa kisu. Mmoja alipata mpini wa kumfika kifuani, wa pili chini kidogo ya hapo, na wa tatu, ambaye mkono wake wa kushoto haunyooki tangu utotoni, nilimwekea kishikio cha kukingama juu ili autie kiganja. Huyo wa tatu ndiye aliyenipa kazi zaidi. Nilikichonga kishikio mara mbili.

Kijana wangu yumo kati ya hao watatu. Amehamishiwa juu kwa ajili ya mgongo, na mpini wake bado ni mbichi kidogo, nimeuanika chini ya paa la jiko ukauke kwa moshi. Nimemwambia asiuchukue kabla ya Jumatatu.